Je, Wajua? Tunda Lina Kazi Yake Sahanini

JE, WAJUA kuwa ng'ombe na mbuzi wa Meatu, mkoani Simiyu, hujitengenezea vitamini C mwilini? Mchungaji wao hawezi. Binadamu ni lazima aile, na mwili hauiweki akiba ya muda mrefu.

JE, WAJUA kuwa gramu 100 za unga wa ubuyu huwa na vitamini C kati ya miligramu 150 na 500, wakati chungwa lina karibu 50 kwa uzito huohuo? Mbuyu na mbuyu hutofautiana. Pasua buyu kavu, ondoa zile kamba nyekundu: ule unga mweupe ulioganda kwenye mbegu ndio wenyewe. Vijiko vikubwa viwili, kama gramu 20, hukupa miligramu 30 hadi 100. Mtu mzima anahitaji 75 hadi 90 kwa siku.

JE, WAJUA kuwa moto huiharibu vitamini hiyo? Chemsha maji, yaache yapoe, kisha ndipo uloweke ubuyu. Na zile mbegu za ubuyu zenye rangi na sukari zihesabu kuwa peremende.

JE, WAJUA kuwa ukali si kipimo cha vitamini C? Ukwaju, ambao Wasukuma huuita bushishi, una vitamini C kidogo sana. Ukali wake unatokana na asidi ya tataria. Sifa yake iko kwingine: una magnesiamu na vitamini B1 kwa wingi.

JE, WAJUA kuwa pera hulishinda chungwa zaidi ya mara 4 kwa vitamini C? Lile na ganda lake, baada ya kulisafisha.

JE, WAJUA kwa nini tunda lifuatane na nsansa? Majani hayo ya kunde yaliyokaushwa yana madini ya chuma, lakini chuma cha mimea hufyonzwa kwa shida. Vitamini C huurahisishia mwili kazi hiyo. Chai hufanya kinyume, hivyo subiri kama saa moja baada ya kula ndipo unywe.

JE, WAJUA kuwa mwaka 1747 daktari James Lind aligawa tiba sita tofauti kwa mabaharia 12 wenye kiseyeye, ugonjwa wa kukosa vitamini C, ndani ya meli ya Salisbury? Wawili waliopewa machungwa na malimau ndio waliopata nafuu haraka kuliko wote.

JE, WAJUA kuwa rangi ya embe bivu na papai bivu ni karotini, ambayo mwili huigeuza kuwa vitamini A ya kulinda macho? Hufyonzwa vizuri ikikutana na mafuta. Karanga za kwenye mboga zinatosha.

JE, WAJUA kuwa parachichi lina potasiamu nyingi kuliko ndizi? Madini hayo husaidia kudhibiti shinikizo la damu. Mgonjwa wa figo amuulize daktari kwanza.

JE, WAJUA kuwa ukichuja juisi unamwaga nyuzinyuzi? Hizo ndizo hulainisha choo na kupunguza kasi ya sukari kuingia kwenye damu. Tikiti la kutafuna lina faida zaidi kuliko tikiti la glasi.

JE, WAJUA kuwa ngitili si malisho tu? Mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga (HASHI) ulioanza 1986 katika mkoa wa Shinyanga, uliojumuisha Bariadi, Maswa na Meatu kabla Simiyu haijawa mkoa mwaka 2012, ulirudisha desturi hiyo ya Wasukuma ya kufunga eneo ili lipumzike. Miti ikarudi, na matunda pori nayo.

JE, WAJUA kuwa Umoja wa Ulaya uliruhusu ubuyu sokoni kwake mwaka 2008, kama chakula kipya? Bariadi haijahitaji kibali. Buyu hukomaa kiangazi, bustani zikiwa zimekauka, na unga wake mkavu hutunzika kwa miezi. Weka debe lako mapema, kisha mwanafunzi wako apate kikombe cha ubuyu pamoja na chakula chake cha mchana.