Urubani wa Pikipiki: Utangulizi

Siku hizi ukitaja rubani, watu huangalia juu. Kabla ya ndege, rubani alikuwa mtu wa baharini. Ndiye aliyejua mkondo, mwamba na mlango wa bandari, na chombo kigeni kilimpakia ili akiingize salama. Wenzake walishughulika na tanga na kamba, yeye akashughulika na jambo moja tu: tuko wapi, na tupite wapi.

Dereva wa pikipiki hana wenzake. Mkono wake wa kulia unavuta mafuta na kushika breki ya mbele, wa kushoto uko kwenye klachi, mguu mmoja unabadili gia, mwingine uko tayari kwa breki ya nyuma. Mwili mzima unalinda mizani. Yanayobaki ni macho na masikio, na macho yenyewe yanadaiwa na barabara kila sekunde. Mtu wa namna hii ataonyeshwaje njia? Fani ninayokukaribisha, ndugu msomaji, imejengwa juu ya swali hilo. Ndani yake utakuta fizikia ya mawimbi, umeme wa betri, kazi ya spana na bolti, uchoraji wa ramani, na elimu ya jinsi jicho linavyotazama.

Wengi huingia kupitia dukani, wakiuliza wanunue kifaa gani. Ni mlango halali, nami nilipita hapohapo. Lakini miaka ya kuendesha, na ya kukaa na mafundi na vijana wa bodaboda, imenifikisha kwenye msimamo ambao utauona kote humu: mahali unapokifunga kifaa pana uzito kuliko kifaa chenyewe.

Tuanze juu, zinakotoka habari. Wapo wanaoamini kwamba simu "huiuliza" setilaiti iko wapi, na kwamba maswali hayo ndiyo yanayokula bando. Kifaa chako hakiulizi kitu, kinasikiliza tu. Setilaiti za GPS huzunguka dunia kwa kimo cha kilomita 20,200 hivi, kila moja ikitangaza bila kukoma mahali ilipo na saa iliyo nayo. Tangazo husafiri kwa kasi ya mwanga na kukufikia baada ya takriban sehemu saba za mia za sekunde. Kifaa hupima kuchelewa huko na kupata umbali. Ukiwa na umbali wa setilaiti tatu unajua ulipo. Ya nne inahitajika kwa sababu saa ya simu yako ni dhaifu mno, na kosa la sehemu moja ya milioni ya sekunde ni kosa la mita 300. Saa za setilaiti nazo, kwa sababu ya kimo na mwendo wake, hutangulia za ardhini kwa takriban sehemu 38 za milioni za sekunde kila siku, kama Einstein alivyofundisha. Wahandisi wasingelisahihisha hilo, makosa yangejikusanya kwa zaidi ya kilomita kumi kwa siku. Kila kijana anayepeleka chakula Sinza, Dar es Salaam, anaendesha juu ya hesabu hizo, na ningependa azijue, maana ni zake pia.

Setilaiti ya kwanza ya mfumo huu ilirushwa mwaka 1978, na mfumo ukatangazwa kuwa umekamilika mwaka 1995. Hadi Mei 2000 Marekani ilikuwa ikiyavuruga kwa makusudi mawimbi wanayopokea raia, hata mtu akaweza kuonyeshwa mita 100 kutoka alipo. Rais Bill Clinton alipoamuru uvurugaji huo ukome, fani yetu ikawezekana. Leo simu ya kawaida penye anga wazi hukosea kwa mita tano hivi, na nyingi husikiliza pia mifumo ya Urusi, Ulaya na China. Mita tano zinatosha kukupeleka Iringa. Hazitoshi kujua kama uko barabara kuu au ile ya pembeni inayokwenda sambamba nayo, wala uko kichochoro kipi kati ya viwili vinavyopakana Manzese. Sisi wa karibu na ikweta tuna jambo la ziada: baada ya jua kuzama, tabaka la juu la anga lenye chembe za umeme huvurugika kuliko penginepo, na mawimbi yanayolipita huyumba. Vifaa vinavyopokea masafa mawili kwa pamoja huweza kusahihisha sehemu ya kosa linaloletwa na tabaka hilo. Ukinunua simu kwa kazi hii, uliza sifa hiyo kabla ya kuuliza kamera.

Kinachokula bando ni ramani, na ramani inaweza kupakuliwa nyumbani kabla ya safari. Hapa fani inagusa watu. Mradi wa OpenStreetMap, ramani ya dunia inayochorwa na wananchi, ulianza Uingereza mwaka 2004. Mwaka 2009 vijana wa Kibera jijini Nairobi walichora mtaa wao ambao kwenye ramani nyingi ulikuwa doa tupu. Mwaka 2015 Ramani Huria ikaanza Dar es Salaam, wanafunzi wa vyuo na wakazi wakipita mitaa inayofurika maji, wakichora mifereji, njia na nyumba. Programu kama OsmAnd na Organic Maps hutumia kazi ya mikono hiyo, bila mtandao, njia zikiwa tayari ndani ya simu. Google nao waliongeza njia za pikipiki kwenye ramani yao, wakianzia India mwaka 2017, kwa kukiri kwamba pikipiki hupita pasipopita gari.

Hata hivyo ramani haijui mteja anamaanisha nini. Nilipeleka mzigo siku moja, maelekezo yakiwa neno moja: Mbezi. Mwenyeji wa Dar ameshaelewa. Kuna Mbezi Beach upande wa bahari na kuna Mbezi Mwisho, Barabara ya Morogoro, na kati yake ni safari ya jasho. Kifaa kilinipeleka kwa unyoofu kabisa mahali pasipo sahihi. Operesheni ya anwani za makazi ya mwaka 2022, iliyoweka majina ya mitaa na namba kwenye nyumba nchini Tanzania, imeanza kupunguza tatizo hili, lakini "nyuma ya msikiti, penye mwembe" bado itaishi muda mrefu, na rubani mzuri husikiliza lugha zote mbili. Mpigie mteja kabla ya kuwasha injini.

Sasa kifaa. Kuna vilivyoundwa kwa pikipiki tangu mwanzo, kama zūmo ya Garmin na Rider ya TomTom. Kioo chake husomeka jua la saa saba, huguswa kwa glavu, kasha halipitishi maji, na chaji huingia kupitia kitako imara badala ya tundu dogo. Bei yake ni kubwa, na kwa bodaboda wa mjini siioni sababu yake. Anayevuka nchi kwa siku kadhaa ana hoja tofauti. Kwa wengine wote ni simu, nami nashauri iwe simu ya pili, ya bei nafuu. Ile yenye pesa zako na namba za watu wako ikae mfukoni.

Simu ina maadui watatu. Maji yanajulikana: katika alama ya IP67 tarakimu ya kwanza ni vumbi na ya pili ni maji, lakini kipimo hicho hufanywa kwenye maji matulivu ya kina cha mita moja kwa nusu saa. Mvua inayopigwa na mwendo ni jambo jingine, na tundu la chaji lenye unyevu huku umeme unapita huliwa na kutu.

Joto hudharauliwa. Apple huandika kwamba simu zake zimekusudiwa mazingira yasiyozidi nyuzi 35. Weka kioo kwenye mwanga wa juu kabisa, jua juu yake, chaji ndani yake, na joto la injini likipanda kutoka chini. Novemba moja nilitoka Morogoro kwenda Iringa. Nilipoukaribia mlima Kitonga, baada ya bonde la joto la Ruaha Mbuyuni, kioo kiliandika onyo kikazima. Njia pale ni moja, sikuhitaji ramani hata kidogo. Lakini nilianza kukibonyeza kwa kidole gumba, na nilipoinua macho lori lililokuwa likipanda taratibu lilikuwa limejaa mbele yangu. Nilisimama pembeni mpaka mikono ikaacha kutetemeka. Simu ilipona kivulini baada ya dakika chache, na mimi ndipo nilipoanza kuichukulia fani hii kwa uzito.

Adui wa tatu ni mtetemo. Injini ya silinda moja, kama za Boxer na TVS zilizojaa mitaani kwetu, ikizunguka mara 6,000 kwa dakika hutikisa fremu mara 100 kila sekunde, na usukani ndio unaoupeleka mtikisiko huo mikononi. Kamera za simu nyingi za kisasa zina lenzi inayoning'inia kwa sumaku na springi ndogo ili kutuliza picha. Mwaka 2021 Apple walitoa tahadhari ya wazi kwamba mtetemo wa injini kubwa za pikipiki unaweza kuziharibu, na kwa pikipiki ndogo wakashauri kishikio chenye mpira wa kumeza mtetemo. Ndiyo sababu nyingine ya kupendelea simu ya bei nafuu: nyingi hazina lenzi ya aina hiyo.

Tumefika kwenye kufunga. Ukiwa katika kilomita 60 kwa saa, unapita karibu mita 17 kila sekunde. Miongozo ya usalama barabarani ya Marekani ya mwaka 2013 ilitaka mtu asihitaji kukitazama kifaa cha ndani ya gari kwa zaidi ya sekunde mbili kwa mara moja. Sekunde mbili ni mita 33, na mtoto wa shule anavuka ndani ya mita 33. Kwa pikipiki ningetaka nusu ya hapo. Kwa hiyo kifaa kisikae juu ya tangi, ambako kichwa chote huinama na barabara hupotea. Kisikae chini ya usukani. Kiwe juu ya saa ya mwendo au kando yake kidogo, karibu kabisa na mstari wa macho, ili jicho lishuke hatua fupi na kurudi.

Usukani wa pikipiki nyingi ndogo una kipenyo cha milimita 22, na vishikio vingi hutengenezwa kwa kipimo hicho. Funga kwenye sehemu iliyonyooka karibu na katikati, ambako mtetemo ni mdogo kuliko kwenye ncha. Mkono wa kishikio uwe mfupi, maana kila sentimita inayoongezwa huukuza mtikisiko. Mafundi wengi hupenda mguu wa kioo cha pembeni, na ni pazuri kwa kimo, ila uzito wa simu hulegeza nati, na siku kioo kikigeuka utapoteza ramani na nyuma yako kwa pamoja. Angalizo kwa fundi: kwenye baadhi ya Yamaha mguu wa kioo cha kulia hufunguka kinyume, na wengi wameua nyuzi kwa kulazimisha.

Vishikio vya sumaku sivipendi. Sumaku huidanganya dira ya simu, na ukiwa umesimama kwenye makutano ramani huelekea kusikojulikana. Ukishaanza kutembea kifaa hujua uelekeo kwa kulinganisha nukta unazopita, lakini uamuzi wa kukata kona mara nyingi hufanywa ukiwa umesimama.

Ukimaliza kufunga, kaa juu ya pikipiki. Geuza usukani kushoto hadi mwisho, kisha kulia hadi mwisho. Waya usivutike, kifaa kisiguse tangi, na mkono ufike kwenye swichi, breki na honi bila kikwazo. Chaji ichukuliwe kwenye laini inayozimwa na ufunguo, la sivyo asubuhi utakuta betri imekufa. Volti 12 za pikipiki lazima zishushwe ziwe 5 kabla ya kuingia kwenye simu, na fyuzi ndogo ikae karibu na betri, kwa sababu waya uliochubuka kwenye shingo ya usukani bila fyuzi ni moto chini ya tangi la petroli. Fundi akikuonyesha kazi isiyo na fyuzi, mrudishe akaianze upya.

Sauti ningeipa sura nzima. Kwa ufupi: spika ndogo moja ndani ya helmeti, upande mmoja, sikio la pili libaki kwa honi na injini za wengine. Aliyeandaa sauti vizuri karibu hahitaji kioo.

Kabla hujanunua chochote, fanya zoezi hili ninalowapa wanafunzi wangu siku ya kwanza. Kata boksi lenye ukubwa wa simu. Mwombe mwenzako aandike juu yake herufi moja kubwa bila wewe kuiona. Lifunge kwa mpira wa tyubu katikati ya usukani, uendeshe taratibu kwenye uwanja mtupu huku mwenzako akisimama mbele na kuinua mkono ghafla wakati wowote apendao. Isome herufi, na uone kama umeuona mkono. Kisha hamishia boksi kwenye mguu wa kioo, kisha juu ya tangi, mwenzako akibadili herufi kila mara. Andika kwenye daftari ni wapi ulipoukosa mkono, na ulete daftari hilo darasani.