Je, Wajua? Lesi ya karatasi iliyoleta oda za dola 5,000

Kadi za lesi ya karatasi, ambazo leo hutengenezwa kwa mikono ili zionekane za kale, zilimfungulia Esther Howland biashara huko Worcester, Marekani, mwishoni mwa miaka ya 1840. Alipokea kadi ya Valentine kutoka Uingereza, akaamini anaweza kutengeneza iliyo bora. Kaka yake alizunguka na sampuli akitarajia oda za dola 200; akarudi na za zaidi ya dola 5,000! Ili kutimiza oda hizo, wanawake wakaja nyumbani kwake kukata na kubandika kadi. Ujanja wake mzuri kuliko yote: karatasi ya rangi chini ya lesi nyeupe, ili matundu yang'ae. Nawe ukitengeneza kadi kama hizo leo na ukitaka lesi ionekane ya kale, ipake chai ya rangi iliyopoa. Tanini iliyomo kwenye chai huiachia rangi ya kahawia.