Kwa nini mwezi uandame Unguja, Maskati usionekane?

Ikifika jioni ya mwezi 29 Ramadhani, simu za familia zetu hazipumziki. Unguja wanauliza Maskati, Maskati wanauliza Dubai, na walioko London wanawasikiliza wote. Kisha habari zinaingia: huku umeandama, kule haukuonekana. Hapo ndipo maneno yanapoanza kwenye grupu la familia: "Kwani nyie mna mwezi wenu?" Na watoto wanauliza swali la haki kabisa: mwezi si mmoja tu? Vipi bibi auone, sisi tusiuone?

Mwezi ni mmoja, kweli. Lakini magharibi haiingii kila mahali kwa wakati mmoja, na saa chache tu zinatosha kuleta tofauti kubwa.

Tuanze na mwezi wenyewe. Hauna mwanga wake, unamulikwa na jua. Uko mbali nasi kiasi cha kilomita 384,000, na kila baada ya siku 29 na nusu na kidogo hupita upande mmoja na jua. Wakati huo upande wake wenye mwanga umetupa mgongo, kwa hiyo hatuoni kitu. Hapo ndipo watu wa falaki wanaposema mwezi umezaliwa. Ni dakika moja kwa dunia nzima, na hesabu ya leo inaijua hata kwa miaka mingi ijayo.

Lakini kuzaliwa si kuonekana. Mtoto kazaliwa, bado hajatolewa nje! Ili jicho liuone, mwezi lazima kwanza ujitenge na jua. Kila saa moja unajitenga kwa nusu digrii hivi, yaani kama upana wake wenyewe. Miaka ya 1930, mwanafalaki Mfaransa André Danjon alionesha kwamba mwezi ukiwa karibu na jua kwa chini ya digrii 7 hivi, jicho haliwezi kuona hilali. Na hata ukizivuka hizo 7, bado ni mwembamba kama uzi na mwanga wa magharibi unaufunika.

Sasa tupige hesabu. Tuseme mwezi umezaliwa saa 8 usiku kwa saa za Maskati, na siku na usiku ziko karibu sawa, kama mwezi wa Machi. Jua likizama Maskati jioni yake, mwezi una umri wa saa 16 hivi na umejitenga digrii 8 tu. Kuuona ni kazi kwelikweli. Unguja iko magharibi zaidi, jua linachelewa kuzama kwa saa moja na zaidi kidogo, kwa hiyo mwezi umefika saa 17 na kitu. London umefika saa 20. New York umepindukia saa 25 na umejitenga digrii 12, na mbingu ikiwa safi watu wa kawaida wanauona. Ni mwezi uleule, umekua njiani tu.

Ndiyo maana kwa kawaida anayekaa magharibi ana bahati zaidi. Lakini usiifanye kanuni ya moja kwa moja, kwa sababu mahali nako kuna neno lake. Unguja iko karibu na ikweta, na huko mwezi hushuka karibu wima kufuata jua. Ndiyo maana hilali ya pwani mara nyingi hulala kama mashua. London, mwezi wa Septemba, njia ya mwezi hulala chini karibu na upeo, na hilali huzama muda mfupi tu baada ya jua hata kama ina umri mkubwa. Hapo wa Unguja anaweza kuuona, wa London akaukosa, ingawa London jua lilichelewa kuzama.

Juu ya yote kuna hewa. Pwani wakati wa masika mawingu yanafunga. Ghuba kuna vumbi na unyevu, na upeo unakuwa mweupe kama maziwa. Miji miwili jirani inaweza kutofautiana kwa sababu ya wingu moja tu.

Mambo haya si mageni kwetu. Al-Khwarizmi, aliyefanya kazi Baghdad karne ya 9, alihangaika na hesabu za kuonekana kwa hilali, na Al-Biruni akaja baada yake.

Basi, sayansi inamaliza ubishi? Sehemu tu. Inaweza kusema kwa yakini kwamba jioni fulani mwezi umezama kabla ya jua, kwa hiyo anayedai kauona ameona kitu kingine, labda Zuhura au mkia wa moshi wa ndege. Inaweza pia kuonesha wapi kuonekana ni rahisi na wapi ni shida. Lakini kama kila nchi ifuate matlai yake au wote wafuate mwandamo wa popote, hilo ni la masheikh, na wao wamekhitilafiana tangu zamani. Darubini haitoi fatwa.

Kwa hiyo ndugu yako wa Unguja akila Idi wewe bado umefunga, haina maana mmoja wenu kasema uongo. Huenda nyote wawili mmesema kweli.

Jioni ya mwezi 29 ijayo, wachukue watoto nje. Subirini jua lizame kabisa, hasa kama mna darubini, maana jua linaunguza jicho. Tazameni magharibi, chini, karibu na pale lilipozamia. Mgongo wa hilali ndio unaoelekea jua, na pembe zake huelekea upande wa pili. Mkiona pembe zimeelekea jua, huo si mwezi. Na msipouona, wapigieni wa Unguja: kwao jua huenda ndiyo kwanza linazama.