Vitamini D Inaposhuka kwa Mgonjwa Mahututi

Mwaka 2010 madaktari wa mji wa Graz, Austria, walianza kuwapa baadhi ya wagonjwa wao mahututi mafuta yenye vitamini D: mililita 45 kwa mkupuo mmoja. Asiyeweza kumeza alipitishiwa kwenye mpira wa kulishia, ule unaoingia puani hadi tumboni. Ndani ya mafuta hayo mlikuwa na uniti 540,000. Nchini Marekani mtu mzima hushauriwa apate uniti 600 kwa siku, basi hiyo ilikuwa dozi ya siku 900 kwa mara moja.

Hawakukurupuka. Kila damu ya wagonjwa wa ICU, yaani wodi ya mahututi, ilipopimwa, wengi wao walikutwa na upungufu, na waliopungukiwa zaidi ndio waliokufa zaidi. Tena vitamini D si ya mifupa na matege tu. Ngozi huitengeneza kwa mionzi ya jua, ini huibadilisha, kisha figo huimalizia kuwa homoni kamili. Hata chembechembe nyeupe za damu huweza kuimalizia zenyewe, zikaitumia kuunda protini inayoua vijidudu, wakiwemo wa kifua kikuu. Mtu aliyelazwa kwa nimonia kali, anayepumua kwa mashine, angeachaje kuihitaji?

Matokeo ya Graz yalitoka 2014, yakihusu wagonjwa 475. Siku za kulazwa hazikupungua. Waliofia hospitalini walikuwa asilimia 28.3 kwa waliopewa vitamini na 35.3 kwa wasiopewa, tofauti ambayo kitakwimu ingeweza kuwa bahati tu. Lakini kwa wale 200 hivi waliokuwa na nanogramu 12 au pungufu kwa mililita ya damu, vifo vilikuwa asilimia 28.6 dhidi ya 46.1. Namba hiyo iliwapa wengi matumaini, na haki yao.

Wamarekani wakarudia kwa dozi ileile, wakiwahi mapema zaidi, kwa wagonjwa 1,078 waliothibitika kuwa na upungufu. Mwaka 2019 walitangaza kwamba baada ya siku 90 walikuwa wamekufa asilimia 23.5 ya waliopewa vitamini na asilimia 20.6 ya wasiopewa. Jaribio lilisimamishwa kabla ya muda wake kwa kuwa faida haikuonekana, hata kwa waliopungukiwa sana.

Kwa nini dozi haikusaidia? Naamini sehemu kubwa ya jibu imo katika utafiti mdogo wa Glasgow, Uskoti, uliotoka 2011. Wagonjwa waliokwenda kubadilishiwa goti kwa upasuaji uliopangwa walipimwa kabla na baada. Ndani ya siku mbili vitamini D yao ilishuka kwa asilimia 40 hivi. Hakuna aliyebadilisha chakula wala kunyimwa jua kwa muda wa kutosha kuleta hali hiyo. Ni mwili uliokuwa ukipambana na jeraha. Katika hali hiyo protini inayobeba vitamini D hupungua, mishipa midogo huvuja, na maji ya dripu huifanya damu kuwa nyepesi. Kipimo cha ICU, basi, husoma pia ukali wa ugonjwa wenyewe.

Hilo halifuti upungufu wa kweli. Mzee asiyetoka ndani, mgonjwa wa ini au figo, aliyeungua moto: hawa hufika hospitalini wakiwa tayari hawana akiba. Kwa kulinganisha, Wamasai na Wahadzabe wa Tanzania, katika utafiti wa 2012, walikuwa na wastani wa nanogramu 46 hivi, zaidi ya maradufu ya kiwango cha 20 kinachotumiwa mara nyingi kutambua upungufu. Ndugu wa mgonjwa anayeona namba ndogo kwenye karatasi ya maabara asikimbilie famasi kununua vidonge vikali; vitamini D ikizidi hupandisha kalisiamu kwenye damu na kuumiza figo, kiungo ambacho kwa mgonjwa huyo huenda tayari kimezidiwa.

Swali la Graz lilibaki kwa kundi moja. Jaribio la Ulaya lililoanza 2017 lililenga wagonjwa 2,400, wote walio chini ya nanogramu 12, likikusudia kuhesabu nani angekuwa hai siku ya 28.