Utambuzi wa Chanzo cha Utendaji Duni wa Kadi ya Michoro katika Kompyuta ya Michezo

1.0 Utangulizi

Mchezo wa kompyuta unapokwamakwama, lawama huiangukia kadi ya michoro kwanza. Lawama hiyo ina gharama. Kadi aghalabu ndicho kifaa ghali kuliko vyote katika kompyuta ya michezo, na anayeibadilisha pasipo kupima huweza kutumia fedha nyingi na kubaki na tatizo lilelile. Makala haya yanafafanua namna ya kutenganisha kasoro ya kadi na kasoro ya vifaa vinavyoizunguka.

2.0 Ukaguzi wa Awali

Jambo la kwanza ni kubaini iwapo kadi inatumika. Waya wa skrini ukichomekwa kwenye bodi mama badala ya kadi, kazi ya michoro huweza kufanywa na kichakataji kikuu, ilhali kadi imekaa bure. Aidha, mchezo unapofungamanishwa na skrini ya hezi 60, hauzidi fremu 60 kwa sekunde. Huo ni ukomo uliowekwa, si hitilafu.

3.0 Jaribio la Kutenganisha

Sehemu ileile ya mchezo huendeshwa mara mbili: kwanza kwa pikseli 1920 kwa 1080, kisha kwa pikseli 1280 kwa 720, ambazo ni chini ya nusu ya zile za awali. Fremu zisipoongezeka, kikwazo aghalabu ni kichakataji kikuu au kumbukumbu yake, na kadi mpya haitasaidia. Zikiongezeka sana, kikwazo kimo upande wa kadi. Hata hivyo, matokeo haya ya pili hayathibitishi kwamba kadi ni mbovu. Kadi inayopata joto kupita kiasi hupunguza kasi yake ili kujilinda. Mchezo unaokwenda vizuri dakika za mwanzo kisha ukazorota huashiria vumbi, feni iliyochoka au hewa isiyozunguka. Kasoro hizi hurekebishika kwa gharama ndogo.

4.0 Mfano wa Radeon RX 6500 XT

Kadi hii iliyotolewa mwaka 2022 ina kumbukumbu ya gigabaiti 4 na hutumia njia nne tu za PCI Express. Katika bodi mama ya kizazi cha nne cha PCI Express, njia hizo hupitisha takriban gigabaiti 8 kwa sekunde kila upande. Katika kizazi cha tatu, takriban 4. Data za mchezo zikienea ndani ya kumbukumbu ya kadi, tofauti hiyo huwa ndogo. Zikifurika, sehemu yake huletwa kutoka kumbukumbu kuu kupitia njia hizo finyu, na fremu huporomoka. Hivyo basi, kadi nzima huonekana mbovu katika bodi ya zamani. Kipimo kifaacho hapa ni kushusha ubora wa tekscha peke yake: utendaji ukirejea, chanzo ni kufurika kwa kumbukumbu.

5.0 Hitimisho

Inabainika kuwa utendaji duni ni dalili ya mfumo mzima, na kadi ni sehemu yake moja. Kila jaribio libadilishe jambo moja tu, na matokeo yaandikwe kabla ya jaribio linalofuata. Ununuzi wa kadi mpya uwe hatua ya mwisho, baada ya vyanzo vingine kuondolewa kwa ushahidi.