Kitanda Karibu na Mahali pa Heshima

Ndugu msikilizaji, juma hili tuzungumzie kitanda. Si cha nyumbani, bali kile anachokikuta mgeni aliyefunga safari kwenda kuona mahali wanapopaheshimu wenyeji.

Hivi karibuni nilipita Kibondo, nikalala Kasulu. Nyumba ya wageni ilikuwa safi: chandarua kizima, maji ya moto kwenye ndoo. Nikamwuliza mama mhudumu kama hupokea wageni wanaokwenda Heru Juu. Akacheka. "Baba, hapa wanakuja watu wa semina na watu wa kambini." Maana yake kambi za wakimbizi, kama Nyarugusu iliyofunguliwa mwaka 1996.

Heru Juu, katika vilima vya Kasulu, ndiko kulikokuwa na makao ya Mwami wa Heru. Kabla ya Uhuru kiti hicho alikikalia mwanamke, Mwami Theresa Ntare. Utawala wa machifu ulifutwa mwaka 1963. Lakini Buha haikuwa na Mwami peke yake. Alikuwapo pia mteko, mzee wa ardhi, aliyegawa mashamba na kufanya matambiko. Mtawala alikuwa na ng'ombe; mteko alikuwa na udongo.

Sasa tazama Japani. Mji wa Nara una hekalu la Todaiji, lenye sanamu ya Buddha ya shaba iliyozinduliwa mwaka 752, na madhabahu ya Kasuga ya dini ya Shinto. Mwaka 1909, karibu na hapo, ilifunguliwa Nara Hotel, jengo la mbao na vigae lililosanifiwa na Tatsuno Kingo. Mwaka 1922 alilala humo mwanasayansi Albert Einstein. Nyuma ya hoteli hiyo palikuwa na shirika la reli la serikali: aliyeleta mgeni kwa treni alijua atahitaji mahali pa kulala.

Tatsuno huyo huyo ndiye aliyesanifu stesheni ya Tokyo, iliyofunguliwa mwaka 1914. Mwaka huo huo Reli ya Kati ya Wajerumani ilifika Kigoma. Lakini ilipita bondeni, kusini. Haikupanda Kasulu wala Kibondo. Baadaye, chini ya Waingereza, Waha waliteremka kuifuata wakaenda kukata mkonge Tanga. Hapo, kwa maoni yangu, ndipo mambo yalipoachana. Reli ya Nara ilipeleka watu mahekaluni. Ya kwetu iliwatoa watu vilimani. Nani angejenga hoteli mahali ambapo tiketi ilikuwa ya kuondoka?

Siku hizi lami imefika Kasulu, na vitanda vipo. Sidai ghorofa. Kinachokosekana ni mtu wa kumwambia mgeni kuna nini kule juu, na wazee wanaojua wanapungua kila mwaka.

Ukienda, anzia kwa mwenyekiti wa kijiji, akupeleke kwa wazee. Kamera iache mfukoni mpaka waseme.