Kutengeneza Upya Jiko na Bafu

Wasikilizaji wetu, mazungumzo ya leo yahusu sehemu mbili za nyumba ambazo mgeni haonyeshwi, nazo ni jiko na bafu. Mtu apatapo fedha kidogo, baada ya kuuza pamba, dagaa au ng'ombe, aghalabu hununua kwanza mabati ya nyumba kubwa, viti vya kukalia wageni, na rangi ya mlango wa mbele. Hayo si mabaya. Lakini chakula cha nyumba nzima hupikwa nyuma, na kila mtu huogea nyuma, na maradhi mengi ya nyumba huanzia huko huko nyuma. Kwa hiyo twataka kueleza jinsi mtu wa Kabasa, au wa kijiji chochote cha Bunda, Butiama na Musoma, awezavyo kuzitengeneza upya sehemu hizi mbili kwa vitu vilivyo karibu naye, yaani udongo, mawe, miti, na saruji kidogo.

Neno letu kubwa ni hili: kazi hii haianzi dukani, bali huanza kwa kutazama. Kabla ya kununua kitu cho chote, tazama moshi waenda wapi, maji machafu yaenda wapi, na mwenye kupika atembea hatua ngapi. Mambo hayo matatu yakipangwa vema, nyumba itapendeza. Yasipopangwa, rangi itaficha ubaya tu.

KUHESABU HATUA

Katika mwaka 1926 mama mmoja wa Austria, jina lake Margarete Schütte-Lihotzky, aliagizwa kuchora jiko kwa ajili ya nyumba za watu wa kipato kidogo katika mji wa Frankfurt, Ujerumani. Hakuanza kwa mapambo. Alipima hatua za mpishi kutoka motoni mpaka majini, na kutoka majini mpaka mezani, kisha akachora jiko lenye upana usiofika mita 2 na urefu wa kadiri ya mita 3 na nusu, kila kitu kikiwa karibu na mkono. Majiko kama 10,000 ya namna hiyo yalijengwa. Mkuu wa kazi ile ya majenzi, Ernst May, alihamia Tanganyika mwaka 1934 akalima karibu na Arusha, kisha kwa miaka mingi akafanya kazi ya kuchora majumba huko Nairobi.

Sisi hatuna haja ya kuiga jiko la Frankfurt, kwani huko hawasongi ugali wala hawatwangi katika kinu. Lakini kipimo chao chatufaa. Tuseme mtungi wa maji u hatua 15 kutoka motoni, na mwenye kupika auendea mara 20 kwa siku. Kwenda na kurudi ni hatua 600. Mtungi ukisogezwa uwe hatua 3 tu, hatua zitakuwa 120. Amepunguziwa hatua 480 kwa siku. Tukihesabu hatua mbili kuwa mita moja, kwa mwaka mzima ameokolewa mwendo wa kilometa zaidi ya 80, naye hakununua kitu hata kimoja.

Basi kazi ya kwanza ni hii. Chagua siku moja, mtoto wa shule akae mlangoni na daftari, aandike kila safari ya mama yake: majini, kuni, unga, chumvi, vyombo. Jioni mume na mke waketi pamoja waisome hesabu hiyo. Yule ashikaye fedha asipange jiko peke yake, maana mara nyingi si yeye apikaye.

MOSHI

Mafiga matatu ni kitu cha zamani chenye faida zake. Hayagharimu fedha, hubeba chungu cha ukubwa wo wote, na tena hutoa mwanga. Lakini moto wake hutapakaa pande zote, sehemu kubwa ikienda bure, na moshi hubaki ndani. Kwa hesabu ya Shirika la Afya Duniani, moshi wa majumbani ulileta vifo vya watu milioni 3.2 duniani katika mwaka 2020, na miongoni mwao watoto zaidi ya 237,000 waliokuwa chini ya miaka 5. Mtoto aliye mgongoni mwa mama yake karibu na mafiga huvuta moshi ule ule avutao mama, na mapafu yake ni madogo. Kikohozi kisichokwisha na homa ya mapafu vyatoka huko mara nyingi kuliko tudhanivyo.

Wazee watatuambia kwamba moshi hukausha nyasi za paa na kufukuza mchwa na mbu. Ni kweli kwamba wadudu hawaupendi moshi. Lakini paa huezekwa upya, na mbu wana chandarua; mapafu ya mtu hayana fundi wa kuyaezeka.

Jiko la udongo lenye matundu mawili na dohani, yaani bomba la kutolea moshi, laweza kujengwa na watu wa nyumba wenyewe. Chukua udongo wa kichuguu, changanya na mchanga na nyasi zilizokatwa ndogo ndogo, ukande mpaka ushikamane. Jenga juu ya msingi wa mawe, ambayo Musoma na Butiama si haba. Kila tundu lipimwe kwa sufuria yenyewe, ili sufuria ikikaa izibe tundu, na moshi usipate njia ila dohani. Mdomo wa kuni uwe mdogo, kwani mdomo mpana hukaribisha kuni nyingi na kupoteza moto. Dohani iwe na upana wa inchi 4 hivi, na kichwa chake kipite juu ya paa kwa futi 2. Jiko likaushwe kivulini majuma mawili au matatu kabla ya kuwashwa moto mkubwa, la sivyo litapasuka.

Hapa twaonya kwa nguvu: dohani isipitishwe kamwe katikati ya paa la nyasi. Kama nyumba imeezekwa nyasi, afadhali jiko lijengwe mbali kidogo, nalo liezekwe bati. Kadhalika masizi yakwanguliwe mara kwa mara, maana dohani iliyojaa masizi hurudisha moshi ndani.

Jambo la urefu wa jiko limewashinda mafundi wengi. Wao huona jiko refu kama meza kuwa ndilo la kisasa. Lakini asongaye ugali huukandamiza mwiko kwa uzito wa mwili wake, na sufuria ikiwa juu sana mikono huchoka na ugali hauivi sawasawa. Ikiwa chini kabisa, mgongo huumia na mtoto atambaaye huweza kuungua. Basi mwenye kupika asimame, ashike mwiko, na fundi apime hapo. Kwa wengi mdomo wa sufuria wafaa uwe kati ya goti na nyonga. Tena sufuria iliyozama katika tundu haizunguki wakati wa kusonga, na hiyo ni raha ambayo mafiga hayana.

Madirisha yawe mawili, yakitazamana, ili upepo uingie huku na kutokea kule. Kuni ziwekwe juu ya uchaga zikauke, kwani kuni mbichi hutoa moshi mwingi na moto mchache. Na jiko la mkaa lisiachwe likiwaka katika chumba kilichofungwa, maana hewa yake ya sumu haina harufu na huua watu usingizini.

Mwaka 2024 Serikali ya Tanzania ilizindua mkakati wa nishati safi ya kupikia, wenye shabaha kwamba asilimia 80 ya wananchi waitumie ifikapo mwaka 2034. Ajengaye jiko sasa aache mahali pa jiko la gesi, na tundu la hewa chini ya ukuta, kwa kuwa gesi hiyo ni nzito kuliko hewa na ikivuja hulala sakafuni.

MAHALI PA KUWEKA VITU

Jiko dogo lenye mpango hushinda jiko kubwa lililotapakaa vitu. Watu wa Lamu tangu zamani walijenga zidaka, yaani vijishimo vya ukutani, wakavitumia kwa kuweka vyombo vya thamani na kwa kupamba nyumba pia. Nasi twaweza kufanya vivyo hivyo katika ukuta wa matofali mabichi ulio mnene. Kidaka kimoja kiwe cha chumvi na viungo, kingine cha kiberiti na taa, cha tatu cha sabuni. Havigharimu kitu, ila sharti vifikiriwe kabla ukuta haujainuka.

Unga na dagaa viwekwe katika vyombo vyenye vifuniko, juu ya jukwaa lililoinuka kutoka sakafuni, ili panya na unyevu visivifikie. Mafuta ya taa na dawa za shamba visiwekwe jikoni kabisa. Vyombo vilivyooshwa vianikwe juu ya kichanja nje, penye jua, kuku na mbwa wasipofika. Ukuta ukipakwa chokaa au udongo mweupe, chumba hupata mwanga, na uchafu huonekana upesi ukaondolewa. Hapo ndipo uzuri na kazi vinapokutana.

BAFU NA CHOO

Mwaka 1973 Redio Tanzania ilitangaza mafunzo yaitwayo Mtu ni Afya, na watu wapatao milioni 2 walikusanyika katika vikundi vijijini wakisikiliza, wakisoma vitabu vidogo, kisha wakitoka kwenda kuchimba vyoo na kufyeka nyasi. Twataja jambo hili kwa sababu laonyesha kwamba neno lililosikiwa redioni laweza kuwa shimo lililochimbwa kesho yake.

Kosa lipatikanalo mara nyingi ni kuogea chooni na kuyaacha maji yote yaingie shimoni. Shimo hujaa upesi, kuta zake hulegea, na mbu huzaana humo. Basi bafu na choo viwe jirani, lakini viwe na ukuta kati yake, na kila kimoja kiwe na njia yake.

Sakafu ya bafu iwe ya mawe bapa au saruji, nayo iteremke inchi 1 kwa kila futi 4, isitelezeshe wala maji yasituame. Maji yapite katika mtaro mpaka shimo lililojazwa mawe, au mpaka kwenye migomba. Penye udongo mweusi wa mbuga maji hayazami vema, kwa hiyo migomba ni bora kuliko shimo. Ndani ya bafu pawe na jiwe la kukalia mzee, kigingi cha nguo, na kidaka cha sabuni. Mlango ufungike, maana msichana au mgonjwa asiye na faragha huahirisha kuoga hata usiku, naye hupata hofu au hatari.

Choo kiwe hatua 60 au zaidi kutoka kisimani, na upande wa chini wa mteremko. Karibu na ziwa maji ya ardhi yako juu, kwa hiyo shimo lisichimbwe mpaka kuyafikia, bali choo kiinuliwe juu ya msingi. Kinyesi kikifika ziwani, mayai ya kichocho huanguliwa majini, hupata konokono, kisha wadudu wake hutoka na kupenya ngozi za wavuvi, wachotao maji na watoto waogao. Hivyo uchafu wa nyumba moja hurudi katika miili ya kijiji kizima.

Katika miaka ya 1970 wataalamu wa Zimbabwe ya leo walitengeneza choo chenye bomba la hewa. Bomba hilo lina upana wa inchi 6, hupita juu ya paa kwa futi 1 na nusu, na juu yake huwekwa wavu wa waya. Upepo huvuta harufu juu. Nzi walio shimoni hufuata mwanga wa bomba, wakanaswa wavuni, mradi kibanda chenyewe kiwe na giza kidogo. Choo cha namna hii tundu lake huachwa wazi ili hewa ipite. Choo kisicho na bomba tundu lake lifunikwe daima.

Mwisho, nje ya mlango patundikwe kibuyu chirizi, yaani dumu dogo lenye maji, liinamishwalo kwa kamba na kijiti cha kukanyagia, na sabuni kando yake. Mikono huoshwa bila kushika dumu, na maji kidogo hutosha watu wengi.

KAZI IANZIE WAPI?

Asiye na fedha asikate tamaa, wala mwenye fedha asifanye yote kwa pamoja. Juma la kwanza, hesabu hatua na usogeze vitu. Juma la pili, toboa dirisha, jenga kichanja, tundika kibuyu chirizi. Mwezi wa kiangazi, jenga jiko la udongo. Baada ya mavuno, nunua saruji ya sakafu ya bafu na bomba la choo. Marumaru na rangi, kama zatakiwa, zije nyuma ya hayo.

Na kazi ikiisha, msiulize wapitao njia kama jiko limependeza. Baada ya miezi 3 mwulizeni apikaye kama macho yake bado yawasha na mgongo bado wauma, tena msikilize usiku kama mtoto bado akohoa. Majibu ya hao ndiyo yatakayowaambia kama mmejenga vema.